Tumehamia Kansas, tonado na joto la huku mnajikinga vipi?

MamaNeema

Wapendwa habari za leo. Naombeni msaada kwa mnaokaa haya majimbo ya katikati, Kansas, Oklahoma, Nebraska na kote huko tambarare. Sisi tumehamia Wichita kutoka Seattle, mume wangu kapata kazi ya kuezeka mapaa, na kule Seattle mambo ya tonado tulikuwa tunayaona kwenye TV tu. Sasa tangu tumefika kila ninayeongea naye, jirani, dada wa kwenye kaunta, mwalimu wa mtoto, wote ni tonado tonado mpaka mawingu yakitanda jioni mimi usingizi hauji.

Tunakaa apatimenti, ghorofa ya tatu ndo ya juu kabisa, besimenti hakuna. Nina watoto wawili wadogo na mama yangu kaja kutoka Morogoro kukaa na sisi, ana miaka 71, ana presha na goti linamsumbua, ngazi anashuka moja moja ameshika ukuta.

Maswali yangu. Simu ikilia onyo la tonado nikimbilie wapi? Maana wengine wananiambia jifungieni bafuni, wengine wanasema pakia watoto kwenye gari ukimbie. Halafu kila Jumatatu saa sita mchana nasikia ving'ora vinalia mji mzima na jua linawaka hakuna wingu hata moja, hiyo ni nini? La mwisho ni joto. Mama anasema joto kalizoea tangu kuzaliwa, AC inamuumiza mifupa, nikitoka tu anaizima anafungua madirisha. Nimuache au nimkatalie? Sitaki kumkosea heshima lakini mchana chumba chake kinakuwa kama tanuri.

Asanteni mtakaojibu.

BabaWawili_Moore

Karibu dada. Mimi niko Moore, Oklahoma, mji ambao umepigwa mara mbili na tonado za daraja la mwisho kabisa, tarehe 3 Mei 1999 ile iliua watu 36 kwenye njia yake na tarehe 20 Mei 2013 ikaua 24, wakiwemo watoto 7 waliokuwa shuleni mchana. Kwa hiyo hofu yako ina msingi, ila ukishajua cha kufanya utalala.

Kwanza Jumatatu. Hiyo ni kaunti ya Sedgwick wanafanya majaribio ya ving'ora. Huku kwetu majaribio ni Jumamosi saa sita mchana. Hali ya hewa ikiwa mbaya siku ya jaribio huwa wanaahirisha wasije wakachanganya watu, kwa hiyo ukisikia king'ora na anga ni jeusi usijiambie "aah ni Jumatatu", chukulia ni kweli. Na jambo ambalo wageni wengi hawaambiwi, vile ving'ora vimewekwa kwa ajili ya watu walioko nje. Ukiwa ndani ghorofa ya tatu, AC inaunguruma, saa nane usiku, unaweza usisikie kabisa. Nunua ile redio ya hali ya hewa ya NOAA, idara ya serikali ya hali ya hewa, ya dola 30 au 40 hivi inatosha, weka betri, uiseti kaunti yako tu, inakuamsha yenyewe hata kama mtandao wa simu umekufa.

Sasa simu. Itakuandikia kwa Kiingereza, na mama kama hasomi Kiingereza mfundishe hayo maneno mawili yalivyo, kwa kuyaangalia. Tornado Watch maana yake mazingira yameiva, inaweza kutokea, eneo ni kubwa hata nusu ya jimbo na inadumu masaa kadhaa. Hiyo inatolewa na wale wataalamu wa kituo cha utabiri wa dhoruba pale Norman. Tornado Warning ni nyingine kabisa, hapo rada imeona wingu linazunguka au mtu kaiona kwa macho, na iko kwenye eneo lako, unaingia mafichoni sekunde hiyo hiyo. Kwa kawaida unapata dakika kama kumi, wakati mwingine pungufu, wakati mwingine inatokea hujapata hata moja.

Kwa hiyo kwa mama mwenye goti bovu kwenye ghorofa ya tatu, mimi ningesema hivi, msisubiri Warning. Watch ikitoka, jioni hiyo hiyo mnashuka. Nenda leo mchana, leo, ukagonge kwa jirani wa ghorofa ya chini, mpelekee hata maandazi, muulize kama siku ya dhoruba mnaweza kukaa kwake. Huku watu hawashangai swali hilo, wengi watakwambia ndiyo kabla hujamaliza sentensi. Usipopata jirani, muulize meneja wa apatimenti wapangaji wa juu huwa wanaenda wapi, ofisi, chumba cha kufulia, popote palipo chini na katikati.

Mahali penyewe ni hivi, chini kabisa, katikati ya jengo, kuta nyingi kati yenu na nje, dirisha hakuna. Bafu la ndani, kabati la nguo, chini ya ngazi za ndani. Watoto wavae helmeti za baiskeli, sisemi utani, wengi wanaokufa au kuumia ni kichwa kupigwa na vitu vinavyoruka. Vuteni godoro juu yenu. Na viatu! Viatu vya kufunika mguu kwa kila mtu, manake ikishapita mnatoka mnakanyaga misumari na vioo vya mtaa mzima gizani. Dawa za mama, vitambulisho, chaja, chupa za maji, weka kwenye begi moja karibu na mlango miezi yote ya hatari, kwenu huko ni Aprili mpaka Juni ndo kilele ila inaweza kuja mwezi wowote.

Gari HAPANA. Tarehe 31 Mei 2013, siku kumi na moja tu baada ya ile ya Moore, ikashuka nyingine El Reno, huku huku Oklahoma, upana wake kilomita 4 na zaidi, haijawahi kupimwa pana kama ile. Watu walikuwa bado wana hofu ya Moore, wakaingia kwenye magari wakakimbia, barabara kuu zikajaa zikasimama kabisa, magari bampa kwa bampa na wingu linakuja. Usiku ule ule mvua ikafurika jiji la Oklahoma City, na kuna waliojificha ndani ya makalvati wakidhani wako salama wakasombwa na maji humo humo. Mtu wa ghorofani aliyeshuka chini kwa jirani yuko salama kuliko aliye kwenye gari.

Na msijifiche chini ya daraja la barabara kuu. Watu waliona video ya zamani wakadhani ni mahali pazuri. Upepo ukipita pale chini unabanwa unaongezeka kasi, 1999 watu watatu walikufa wakiwa chini ya madaraja kama hayo.

Trucker_wa_I70

Sasa Mama Neema, karibu. Mimi ni Mkenya naendesha lori, Kansas City hadi Denver na kurudi, na nataka kuongezea vile ndugu wa Moore amesema, manake tonado ndiyo watu huongea lakini kwa hii kazi yangu vitu vinavyonipata kila mwaka ni mawe, upepo wa kawaida na maji.

Hii tambarare iko vile iko sababu hewa ya joto na unyevu inapanda kutoka Ghuba ya Mexico, inakutana na hewa kavu inateremka kutoka magharibi, na huko juu kabisa kuna baridi na upepo unavuma upande mwingine. Hakuna mlima wa kuzuia. Unaweza kuendesha asubuhi anga safi kabisa, saa tisa unaona kawingu kamoja kamesimama kama koliflawa magharibi, saa kumi na moja hako kawingu kamefika kilomita 15 juu na chini yake ni giza. Ukiona anga linageuka rangi ya kijani chafu hivi, tafuta paa la kuingia chini yake haraka, mara nyingi ni mawe yanakuja.

Mvua ya mawe ya huku si ile tunajua nyumbani. Lile jiwe kubwa zaidi Marekani liliangukia Vivian, South Dakota, tarehe 23 Julai 2010, upana inchi 8 na uzito karibu pauni 2. Hata yale ya saizi ya mpira wa gofu yanatoboa kioo. Kwa hivyo sikiza hii ya bima, manake wengi wetu tunachukua ile ya chini kabisa ya kulipia gari ya mwenzako ukimgonga. Hiyo hailipi mawe hata senti moja. Inatakikana ile ya comprehensive, yenye kulipa pia hasara isiyotokana na kugongana. Kama gari ndiyo inampeleka mzee kazini, ongeza hiyo, na uulize deductible, ile pesa unatoa mwenyewe kabla bima ilipe, ni ngapi kabla uweke sahihi. Na nyinyi mnapanga, mwenye nyumba bima yake ni ya jengo, vitu vyenu vya ndani haviko. Chukueni bima ya mpangaji, si ghali.

Kitu kingine, simu haitalia kwa kila dhoruba. Ofisi ya hali ya hewa inatoa onyo la dhoruba upepo ukifika maili 58 kwa saa au mawe ya inchi moja, lakini ule mlio mkubwa wa kulazimisha kwa simu unakuja tu ikiwa ni maili 80 au mawe ya saizi ya besiboli. Upepo wa maili 75 ungepindua lori yangu na simu yako imenyamaza kwa meza. Kwa hivyo asubuhi fungua weather.gov weka zip code yako uangalie mapema siku itakuwaje.

Tarehe 10 Agosti 2020 kulipita ule upepo wanaita derecho, ulianzia upande wa South Dakota na Nebraska ukavuka Iowa yote mchana mmoja. Si tonado, ni ukuta wa upepo ulionyooka, Cedar Rapids walikadiria ulifika maili 140 kwa saa. Mahindi yalilala chini mpaka macho yanaishia. Stima zilipotea kwa watu laki kadhaa, wengine zaidi ya wiki moja na ilikuwa Agosti. Hapo ndipo watu wakawasha jenereta ndani ya gareji. Tafadhali, jenereta ni nje, futi 20 kutoka kwa nyumba, mbali na madirisha. Ule moshi hauna harufu ya kukuamsha.

Na maji barabarani usijaribu. Futi moja ya maji yanayokimbia inabeba gari ndogo. Usiku huwezi kujua kama chini bado kuna lami. Geuza gari urudi.

MuuguziOmaha

Mama Neema shikamoo kwa mama hapo nyumbani. Wenzangu wamesema vizuri sana ya dhoruba na mimi nayakubali yote, ila naomba nikuambie wazi kama muuguzi, katika familia yako ulivyoieleza, mimi kinachonitia wasiwasi zaidi ni lile swali uliloliweka mwisho. Mama wa miaka 71 mwenye presha, chumba cha ghorofa ya juu chini ya paa, AC imezimwa, Kansas, Julai. Joto ndilo linaloua watu wengi kuliko tonado miaka mingi nchini Marekani, na wengi ni wazee wanaokutwa ndani ya nyumba zao.

Mama ana haki kusema kazoea joto, ni kweli. Lakini mwambie kwa upole joto hili ni jingine. Huko nyumbani jioni upepo unaingia, nyumba imejengwa ipumue, usiku mwili unapoa. Hapa nyumba imejengwa kwa ajili ya baridi, imefungwa pamba ukutani na darini, paa la lami jeusi limekunywa jua siku nzima, na siku za wimbi la joto usiku hewa haishuki hata chini ya 80 (namba zangu zote za joto ni Fahrenheit). Mwili wa mzee haupati nafasi ya kupumzika, siku ya kwanza anavumilia, ya pili anachoka, ya tatu ndo anaanguka. Wichita yenu mwaka 2011 ilipata siku 53 zilizofika 100 au zaidi, Fahrenheit hiyo, yaani nyuzi 38 za Selsiasi kwenda juu.

Halafu unyevu. Huku Nebraska na Iowa Julai mahindi yakishakuwa marefu ekari moja inatoa galoni 3,000 mpaka 4,000 za maji hewani kwa siku, unatoka nje unahisi umevaa blanketi lililoloa. Jasho halikauki, na jasho lisipokauka halipoozi. Ndo maana usiangalie namba ya joto peke yake, angalia heat index, yaani joto linavyohisiwa ukijumlisha na unyevu. Na ile namba wanaipiga kivulini, mtu akiwa juani ongeza mpaka 15 juu yake. Mwaka 2025 walibadilisha jina la onyo kubwa kabisa la joto, sasa linaitwa Extreme Heat Warning, ukiliona hilo AC haizimwi.

Dawa. Angalia chupa za mama. Kama moja ni ya kukojoza maji, wengi wenye presha wanapewa, basi anapoteza maji na chumvi haraka kuliko wewe. Kuna nyingine zinapunguza mapigo ya moyo, nazo zinafanya mwili ushindwe kujipoza. ASIACHE dawa, mpigie daktari au mfamasia umuulize siku za joto kali afanyeje, anywe maji kiasi gani, hasa kama ana shida ya moyo maana kwao hata maji yana kipimo.

Mifupa kumuuma ninaielewa, mama yangu mwenyewe ni vile vile. Weka AC 78, siyo 68. Geuza lile tundu la upepo lisimpulize, mpe kanga au shuka zito na soksi. Kitanda chake kama kinaweza kutoka chumba cha magharibi kihamishe. Pazia nene lifungwe toka asubuhi upande wa jua, na madirisha msifungue mchana, nje kukiwa na 102 unakaribisha joto ndani. Feni peke yake haitoshi, chumba kikishapita 90 feni inamsukumia hewa ya moto tu.

Umeme ukikatika au bili ikiwalemea piga 211, simu ya msaada wa kijamii, watakuelekeza maktaba au kituo chenye ubaridi kilicho karibu. Masaa machache tu ya ubaridi mchana yanausaidia mwili sana.

Sasa dalili, hii isome mara mbili na baba watoto aisome. Kizunguzungu, kichefuchefu, jasho jingi, misuli kukaza, kichwa kuuma, huo ni uchovu wa joto, mlaze pa baridi, mlegezee nguo, maji kidogo kidogo. Lakini akianza kuongea vitu visivyoeleweka, anakujibu hovyo, anayumba, anazimia, ngozi ni ya moto, hicho ni kiharusi cha joto, joto la mwili limepita 104. Piga 911 HAPO HAPO na usikae kuwasubiri mikono mitupu. Mwagia maji ya baridi mwili mzima, barafu shingoni, kwapani, kinenani, feni juu yake. Kama kuna beseni la kuogea na anaweza kushikwa, mwingize kwenye maji ya baridi kichwa kikiwa nje. Usimpe panadol, haisaidii homa ya namna hii. Kama hana fahamu usimnyweshe kitu. Watu wanasubiri jasho likauke ndo wajue ni kiharusi, hapana, mtu aliyekuwa anafanya kazi anaweza kuwa nacho na bado anatoka jasho. Kichwa kuchanganyikiwa ndo dalili ya kuangalia.

Na watoto wasiachwe kwenye gari hata dakika za kuingia kulipa. Dakika 10 gari linapanda nyuzi kama 20, hata dirisha likiwa limeachwa wazi kidogo. Nchini humu karibu watoto 37 wanakufa hivyo kila mwaka, na wengi ni mzazi mwema alisahau kwa sababu siku hiyo ratiba ilibadilika. Weka mkoba wako au kiatu kimoja kiti cha nyuma.

MamaNeema

Jamani Mungu awabariki. Dada muuguzi nimemsomea mama yote uliyoandika kwa sauti, amesikiliza mpaka mwisho, ile ya soksi na kanga imemkubalisha, akasema "basi iweke hiyo sabini na nane tuone". Na nimeangalia chupa zake, moja kweli ni ya kukojoza, kesho asubuhi naongea na mfamasia.

Sasa mmenifungua macho upande mwingine, mume wangu. Anaanza kazi Jumatatu juu ya mapaa, na utabiri unasema wiki yote ni 100 na kitu. Alikuwa ndani ya ghala lenye AC kule Seattle. Yeye anasema atakaza, hataki siku ya kwanza aonekane mvivu. Na shoga yangu mmoja anakaa nyumba za trela nje ya mji, ameniuliza yeye afanyeje, hana ghorofa ya kushuka.

Kaka_GardenCity

Shemeji mimi niko kusini magharibi ya Kansas, kazi yangu ni kwenye mazizi ya kunenepesha ng'ombe, mwambie mzee asome hii kabla ya Jumatatu.

Juni 2022 huku ng'ombe angalau 2,000 walikufa kwa siku chache, kwa joto tu. Hawakuwa wagonjwa. Mwanzo wa mwezi kulikuwa na ubaridi, halafu ghafla joto likapita 100, unyevu ukapanda, upepo ukakatika, na huku upepo ukikatika ujue kuna shida maana siku zote unavuma, usiku hakukupoa. Ng'ombe walikuwa hawajazoea, wengine bado wana manyoya ya baridi. Unawaona wamesimama, midomo wazi, ulimi nje, mate yanachuruzika, shingo wameinyoosha mbele wanatafuta pumzi, hawali hawalali. Wiki mbili tatu baadaye joto lile lile lingewakuta wameshazoea na wengi wangepona.

Binadamu ni hivyo hivyo. OSHA, idara ya serikali ya usalama kazini, wenyewe wanasema karibu nusu ya wanaokufa kwa joto kazini ni siku ya KWANZA ya kazi, na zaidi ya asilimia 70 ni ndani ya wiki ya kwanza. Si kwa sababu ni wavivu au wadhaifu, ni kwamba wanataka kuonyesha wanaweza, hasa sisi wageni tunaogopa kupoteza kazi. Kanuni wanayopendekeza ni asilimia 20 ya kazi ya joto siku ya kwanza, kila siku unaongeza 20, mpaka mwili unazoea. Aongee na supavaiza mapema, leo au kesho, kwa simu, siyo akiwa juu ya paa tayari. Aseme hivi, natoka kazi ya ndani, naomba wiki ya kwanza nianze alfajiri na mchana nipewe kazi za chini kivulini. Supavaiza anayejua kazi hatashangaa, amewahi kuona mtu akianguka.

Maji ni kikombe kimoja kila dakika 15 au 20, asisubiri kiu, na asinywe galoni kwa mkupuo nayo ni hatari. Ale chakula chenye chumvi, asiende na tumbo tupu. Vinywaji vya kuongeza nguvu vile vya kopo aviache siku hizo. Nguo nyepesi mikono mirefu, kofia pana. Na awe na mwenzake wa kuangaliana, maana mtu anayepata kiharusi cha joto yeye mwenyewe hajui, ni mwenzake ataona anashika nyundo kichwa chini. Juu ya paa kizunguzungu peke yake kinatosha kuua.

Serikali kuu bado haina sheria maalum ya joto kazini, lakini mwajiri anawajibika kukuweka mahali pasipo na hatari inayojulikana, na mtu anaruhusiwa kulalamika OSHA bila kufukuzwa. Wana simu na wanaweza kukutafutia mkalimani.

Mzee_wa_Wichita

Binti yangu, nimekaa Wichita muda mrefu, nijibu hilo la shoga yako wa trela kwa sababu linaniuma.

Tarehe 26 Aprili 1991 tonado ilipita Andover, hapo mashariki mwa mji tu, ikaingia kwenye kijiji cha trela. Watu 13 walikufa pale pale kwenye kijiji hicho. King'ora cha mji siku hiyo hakikulia. Waliokuwa kwenye handaki la kijiji walitoka wazima. Tarehe 29 Aprili 2022 Andover ikapigwa tena, nyumba mia kadhaa zikaharibika, na hakuna hata mmoja wa mji ule aliyekufa, onyo lilifika mapema na watu walikuwa na pa kuingia.

Trela hata ikifungwa minyororo chini haikai, upepo unaiokota. Kwa hiyo yeye asiwe na mpango wa kujificha ndani ya trela hata bafuni. Amuulize meneja wa kijiji leo kama kuna handaki, lina ufunguo au liko wazi, nani anafungua usiku. Aende kwa miguu alione kwa macho yake, ajaribu mlango. Kama hakuna, basi kwake yeye Watch ndiyo king'ora. Watch ikitoka achukue watoto aje mjini akae kwa mtu mwenye nyumba imara mpaka muda uishe, ukanisani, kwa rafiki, au hata dukani kubwa kuliko na vyumba vya ndani. Akiwa na gari anatoka mapema wakati barabara ziko tupu. Hilo ni tofauti na kukimbia tonado ikiwa tayari imeshuka.

Umwambie pia tonado huja hata usiku watu wamelala. Alale simu ikiwa na sauti, asiweke ile hali ya kimya.

MamaNeema

Shikamoo mzee wangu, asante sana. Nimeshamtumia, meneja kamwambia handaki lipo nyuma ya ofisi, ameenda amekuta mlango umefungwa kufuli, sasa anafuatilia nani ana ufunguo. Jirani wa chini naye nimemgongea, ni bibi mmoja anakaa peke yake na paka, kaniambia niwalete wote. Mume kaongea na supavaiza, ataanza saa kumi na moja na nusu alfajiri, saa tano anashuka chini kupanga vifaa.

Swali dogo la mwisho, ile redio niiweke kaunti moja tu au na za jirani?

BabaWawili_Moore

Sedgwick peke yake kwa kuamshwa usiku. Ukiweka na za jirani italia kwa dhoruba zisizo zenu, wiki mbili tu mtaichoka mtaizima. Kama unataka kujua kinachokuja, dhoruba nyingi huku zinatoka kusini magharibi kwenda kaskazini mashariki, kwa hiyo mchana angalia rada upande wa kaunti za Sumner na Kingman, kikiwa hapo kibaya mshushe mama. Na huyo bibi wa chini, siku za joto mgongee mlango asubuhi na jioni, kama anakaa peke yake.

MuuguziOmaha

Naunga mkono hilo la bibi. Muulize kama AC yake inafanya kazi.

Kaka_GardenCity

Na kuhusu lile kufuli, shoga yako asisubiri meneja ajisikie. Aende na wapangaji wenzake wawili watatu waombe kwa maandishi, ufunguo uwekwe kwa mtu anayelala hapo hapo kijijini na mwingine wa akiba.

Mzee_wa_Wichita

Akipata shida na huyo meneja anitumie ujumbe ndani. Nitaenda naye.